Ndege ya Mtumba na Sahihi Yangu

Mwenzangu, mumeo akikwambia anataka kununua gari la pili, utauliza rangi. Akisema anataka kiwanja Kigamboni, utauliza hati. Sasa je, akikwambia anataka kununua ndege? Tena si mpya, ni mtumba, imetengenezwa kabla wewe hujazaliwa!

Ndicho kilichonikuta. Mimi kwanza nilicheka. Nilipoona mwenzangu hacheki nikanyamaza, na tangu siku hiyo kwa miezi mingi nyumbani kwetu hapakuwa na mada nyingine. Katika kurasa hizi tumezungumza sana kuhusu michepuko, mawifi, wanaume wanaoficha mshahara na wanawake wanaoficha vikoba. Kuhusu ndege nilitafuta wa kumwomba ushauri nikakosa. Marafiki niliowaambia walikuwa wawili tu: mmoja aliuliza nitavaa nini siku ya kuipokea, mwingine aliuliza kama mume wangu amejiunga na Freemason.

Tuanze mwanzo. Baba watoto ana kampuni na wenzake wawili, marafiki zake tangu chuo. Wanauza vipuri na vilainishi vya mitambo mikubwa, ile ya migodini na viwandani. Wateja wao wako Geita, Kahama, Chunya, Mtwara, yaani kila kona isiyo karibu na Dar es Salaam. Mteja wa mgodini mtambo ukimgomea hataki barua pepe wala WhatsApp, anataka kumwona mtu amesimama mbele yake leo hii. Kwa barabara, kutoka Dar mpaka Mwanza peke yake ni zaidi ya kilometa 1,100. Ndege za abiria zipo, lakini zinakupeleka mji mkubwa, kwa saa wanazotaka wao. Ukitaka kutoka Mwanza kwenda Songwe, mara nyingi unarudi Dar kwanza, unalala, kesho yake ndiyo unaanza upya.

Mwishoni mwa mwaka 2024 nilikaa na kalenda ya ukutani nikahesabu usiku ambao baba watoto hakulala nyumbani. Nilipata 141. Nikaiandika namba hiyo kwenye karatasi, nikaibandika kwenye friji, sikusema kitu.

Niseme haki yake: yeye na wenzake hawakuamka tu asubuhi wakatamani ndege. Walikuwa wanakodi mara kwa mara, wakaanza kujumlisha ankara za kukodi, na kila walipojumlisha mmoja wao alisema yale maneno ambayo nadhani yamewaingiza wanaume wengi matatani: "Hizi hela si bora tununue ya kwetu?"

Waliyoitaka inaitwa Beechcraft King Air B200. Ina injini mbili, kila moja inazungusha panga boi lake, na ndani wanakaa abiria saba au wanane kwa raha zao, viti vya ngozi vimetazamana kama sebuleni. Usicheke panga boi. Mnakumbuka Septemba 2016, Serikali ilipoleta zile Bombardier Q400 mbili za kuifufua Air Tanzania? Vijiweni watu walikejeli mpaka wakachoka, eti tumeletewa mapangaboi. Wengi wanadhani ndege ya panga ni ya kizamani, kama redio ya mbao. Siyo. Ndani ya ile injini kuna tabaini ya moto kama ya ndege za jeti, ila nguvu yake, badala ya kutoka nyuma kwa mlipuko wa hewa, inapita kwenye gia na kuzungusha panga. Kwa safari fupi fupi panga linakula mafuta kidogo kuliko jeti, na King Air inaweza kutua kwenye uwanja mfupi wa vumbi ambao jeti nyingi haziugusi. Kwa mtu mwenye wateja porini, hapo ndipo penye utamu wote. Mwendo wake ni zaidi ya kilometa 500 kwa saa, kwa hiyo Dar mpaka Mwanza ni chini ya saa mbili. Asubuhi unakunywa chai nyumbani, mchana uko na mteja, jioni unakagua madaftari ya watoto. Hivyo ndivyo alivyonieleza, na hilo la madaftari lilinigusa.

Na umri? Familia ya King Air ilianza kufika kwa wanunuzi mwaka 1964 na bado inatengenezwa Wichita, Marekani. Zimeshatoka zaidi ya 7,000. B200 ilianza 1981. Waliyoonyeshwa wao kwenye picha ilikuwa ya 1984, iko nje ya nchi, bei dola milioni 1.2, yaani karibu shilingi bilioni 3. Gawa kwa watu watatu. Bilioni moja kila mtu! Akiba yetu pamoja na kile alichoweza kuchomoa kwenye kampuni ilifika karibu nusu. Nusu nyingine ingetoka benki, na benki ilitaka nyumba yetu.

Hapa ndipo nilipoingia mimi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya wanandoa haiwezi kuuzwa, kupangishwa wala kuwekwa rehani na mmoja wao bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Sheria ya Ardhi nayo inaitaka benki ijiridhishe kwamba ridhaa hiyo ipo. Hati yetu ina jina la mume wangu. Dada wa benki alinipigia simu kwa upole, "Mama, ni sahihi tu, dakika tano." Nikamwambia dada, nyumba ile ilichukua miaka 9 kujengwa, tofali kwa tofali, dakika tano zako ni chache.

Nikawaambia wote: sijakataa. Nataka nijue ninachosaini.

Jamani, kumbe kwenye masikio ya watu hiyo ni sawasawa na kukataa! Wifi yangu mkubwa alikuja Jumapili, akakaa, akala, akanawa, ndipo akafungua moyo: "Wifi, mwanamume akitaka kupanda, mwanamke hamshiki miguu." Mama mkwe yeye alikuwa upande mwingine kabisa. Ni mtu wa Muleba. Tangu ile ajali ya Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba na watu 19 wakapoteza maisha, yeye anakwenda kwao kwa basi, awe mzima awe mgonjwa. Alitaka nikatae moja kwa moja, tena niseme ni yeye amekataza. Huyu ananisukuma, yule ananivuta, na mume wangu katikati amenuna. Kwa siku 11 tulizungumza kupitia watoto. "Mwambie baba chakula tayari." "Mwambie mama nimeshiba."

Mimi nimesoma mawasiliano, sikusoma urubani. Lakini kazi ya uhariri inakutia tabia moja ambayo haitoki: hupitishi ukurasa ambao hujausoma. Nikatafuta mtu wa kunisomea ndege. Ukonga, jirani na mama yangu, anaishi mzee mmoja fundi mstaafu wa ndege. Nikaenda na maandazi yangu, na lile tangazo nimelichapisha kwenye karatasi. Shikamoo, marahaba binti yangu, karibu. Akavaa miwani, akasoma kimya, kisha akauliza swali ambalo katika maelezo yote niliyopewa nyumbani sikuwahi kulisikia.

"Injini zina saa ngapi?"

Gari tunalipima kwa kilometa. Ndege wanaipima kwa saa ilizoruka, na kwa mara ilizopaa na kutua. Mzee aliniambia mwaka 1984 haumtishi hata kidogo. Ndege iliyotunzwa ya 1984 inaweza kuwa nzima kuliko ya 2004 iliyoachwa inanyeshewa. Kinachozeeka kwa haraka na kwa gharama ni injini. Zile za B200 ni aina ya PT6A-42, kazi ya Pratt & Whitney Canada, kila moja ina nguvu za farasi 850. Hizi PT6 zimetengenezwa zaidi ya 50,000 tangu miaka ya 1960, na Mzee alizisifia kama mtu anayemsifia mke wa ujana wake. Lakini zina kikomo. Kila baada ya saa 3,600 za kuruka, mtengenezaji anataka injini ishushwe, ifumuliwe yote na kujengwa upya. Katikati ya safari hiyo, kwenye saa 1,800, inafunguliwa sehemu ya moto ili kukagua vile vipanga vidogo vya tabaini ambavyo kila siku vinaokwa humo ndani.

"Sasa tuseme kufumua injini moja ni dola 360,000," akasema, "inaweza kuwa chini au juu, mimi nataka tu hesabu iwe nyepesi. Gawa kwa 3,600."

Dola 100.

"Injini ni mbili. Kwa hiyo kila saa moja angani mmeshakula dola 200 za injini kabla ya kuweka mafuta. Hazionekani, hakuna anayekuletea ankara. Zinakusubiri mwisho wa safari."

Mafuta yenyewe ni karibu lita 400 kwa saa, na ni ya ndege, ndugu yake mafuta ya taa, siyo petroli. Miguu ya kutua inatakiwa kufanyiwa matengenezo makubwa kila miaka 6, hata kama ndege ilikuwa imelala hanga mwaka mzima. Mapanga nayo yana tarehe zake. Kila saa 200 kuna ukaguzi wa lazima, na umegawanywa katika awamu nne, kila awamu ina vyake vya kufunguliwa. Na ndege inayolazwa Dar es Salaam, alisema Mzee, inapuliziwa chumvi ya bahari usiku na mchana, kwa hiyo injini lazima zioshwe ndani kwa maji safi, na atakayesema hilo ni la hiari, kutu itamjibu.

Nikamwonyesha sentensi moja kwenye tangazo: "Injini zote mbili ziko ndani ya muda." Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Binti yangu, hata mimi niko ndani ya muda. Wewe uliza umebaki muda gani."

Niliondoka Ukonga jioni na daftari limejaa. Sasa hapa wanawake wengi wangeingia nyumbani na kulipiga lile daftari mezani kama karata ya mwisho. Ningefanya hivyo ningeshinda usiku ule na kupoteza mwezi mzima. Mwanamume aliyenuna ukimletea hesabu za mwanamume mwingine, hata kama ni mzee wa miaka 70, unamwongezea kununa. Nilichofanya ni kumwomba anipeleke yeye kwa Mzee. Nilimwambia tu, kuna mtu anazijua hizo King Air, nadhani mtapendana. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikwenda. Alirudi saa nne usiku, na kwa mara ya kwanza baada ya siku 11 alizungumza na mimi bila mkalimani.

"Unajua zile injini zina saa ngapi?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Hata mimi sijui. Na tumeshaambiwa tutume dola 60,000 za kushikilia."

Hilo la dola 60,000 mimi sikuwa nimeambiwa. Tukalizungumza usiku uleule, kwa sauti ambayo sitaiandika hapa.

Dalali aliyekuwa anauza alitaka hela ziingie kwenye akaunti yake mwenyewe, tena kabla ya mtu yeyote kuigusa ndege, kwa maelezo kwamba kuna Mkongo naye anaitaka. Sijui kwa nini katika biashara hizi daima kuna mtu mwingine anayeitaka, iwe ndege, iwe kiwanja, iwe bwana harusi. Utaratibu wa kawaida wa kununua ndege iliyotumika ni kwamba malipo ya kushikilia yanakaa kwa mtu wa tatu, asiye muuzaji wala mnunuzi, na yanarudi kama ukaguzi ukionyesha kasoro ambazo hamkukubaliana. Ukaguzi unalipiwa na mnunuzi, na unafanywa na karakana ambayo haijawahi kuitunza ndege hiyo. Kwa sababu gani? Kwa sababu fundi gani atakwambia alichokifanya mwaka jana kilikuwa kibovu? Halafu kuna suala la deni. Ndege inaweza kuwa imewekwa rehani mahali kama nyumba, na deni linakaa nayo hata ikibadilisha mwenye. Ile ya kwanza ilikuwa na usajili wa Marekani, na kumbukumbu za umiliki na madeni ya ndege za Marekani zinatunzwa sehemu moja, Oklahoma City. Unamlipa mtu wa kupekua, anakuletea jibu. Dalali alipoambiwa haya yote alikasirika. Alipoona hasira hazisaidii alikubali.

Kwa hiyo mwezi Machi 2025 fundi aliyetafutwa na Mzee alikwenda kuiona ile ndege, na baba watoto akaenda naye. Rangi mpya, zulia jipya, viti vinanukia ngozi. Wakaingiza kamera ndogo kwenye injini, ile yenye mrija mwembamba kama ya kupimia tumbo hospitali, hawakukuta balaa. Kisha wakafungua madaftari ya matengenezo, mafundi wanayaita logibuku. Kwenye ndege ukurasa wa daftari ni mali kuliko kiti cha ngozi, maana kila kifaa chenye kikomo kina historia yake humo, lini kilifungwa, nani alikifunga, kimebakiza nini. Injini ya kushoto ilikuwa na saa 3,310 tangu kufumuliwa. Ya kulia 3,290. Na kulikuwa na miezi 14 ambayo haikuwa na karatasi hata moja. Ndege ilikuwa inaruka nchi nyingine, ikatunzwa na mtu mwingine, na madaftari ya huko hayakurudi nayo.

Hesabu haikuhitaji mhasibu. Wao walipanga kuruka kama saa 220 kwa mwaka. Injini zilibakiza chini ya 320. Kabla ya kusherehekea mwaka wa pili wangetakiwa kutafuta zaidi ya dola laki saba, na benki ingekuwa bado haijamaliza kula marejesho ya kwanza. Yaani nyumba yangu ingekuwa inasubiri kwenye foleni nyuma ya injini mbili.

Jambo jingine liliibuka hapohapo, nalo ndilo lililoniuma zaidi kwa sababu mpango wote wa marejesho uliegemea kwake. Walikuwa wameandikia benki kwamba siku ambazo wao hawasafiri, ndege itakodishwa kwa watu wengine na kuingiza pesa. Ni wazo zuri. Ila kubeba abiria kwa malipo ni biashara ya uchukuzi wa anga, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga inataka uwe na leseni na cheti cha mwendeshaji, ambacho kina masharti yake ya marubani, mafunzo, miongozo, ukaguzi na wasimamizi wenye sifa. Huwezi kununua ndege ya kampuni yako ya vipuri Jumatatu na Jumatano ukampakia mbunge kwa hela. Na ikianguka ukiwa umefanya hivyo, bima inaweza kukugeuzia kisogo. Marafiki wale wawili hawakutaka kusikia. Mmoja alisema watu wote wanafanya. Nadhani kila mke ameshasikia hoja hiyo, katika mambo mbalimbali.

Usiku mmoja baada ya safari hiyo tulikaa barazani, umeme umekatika, watoto wamelala. Nilimuuliza, "Baba, hebu niambie. Ukiondoa wateja, ukiondoa hesabu, unaitaka ndege ya nini?" Alikaa kimya muda mrefu. Nilitegemea aniambie kuhusu heshima, kuhusu washindani wake, hata kuhusu fahari, maana si dhambi mwanamume kupenda kitu kizuri. Akasema, "Nimechoka kuwa mgeni kwangu. Mtoto mdogo juzi aliniaga kwa mkono, kama anavyomuaga mjomba." Kisha akasema ile namba niliyoibandika kwenye friji alikuwa anaiona kila akifungua kuchukua maji. Kumbe karatasi ya 141 ndiyo iliyokuwa inamrusha!

Sasa utamwambiaje mtu kama huyo kwamba ndege haina maana? Ningekuwa nimechanganya mambo mawili: ndege ile, na haja iliyo ndani yake. Ile niliikataa usiku huo, kwa maneno mepesi, na nikamwambia nyumba siiwekei sahihi kwa ajili ya ndege yoyote, mpya au kuukuu. Haja niliikubali. Tukaanza kutafuta namna.

Mwezi mmoja wa kwanza hakukuwa na ndege kabisa. Aliajiri meneja akakae Mwanza, kijana mwerevu, na usiku wa nje ukapungua hata kabla ya mtu kununua bolti. Nalisema hili kwa sababu lingeweza kufanyika miaka mitatu nyuma bila dola hata moja. Mmoja wa wale marafiki alichukia ucheleweshaji, maneno yakawa mengi, kwa muda akawa haji hata kwetu. Mkewe bado hanipigii simu. Nimezoea.

Ndege waliyoinunua mwishowe ilipatikana Lanseria, ule uwanja wa karibu na Johannesburg ambako King Air ni nyingi kama Noah stendi. B200 ya 1991, ghali kuliko ile ya kwanza, ila ilikuwa na mwenye mmoja kwa miaka mingi, madaftari kamili tangu kiwandani, na injini ziko saa 1,500 na kitu, yaani hazijafika hata katikati. Ukaguzi ulikuta kutu kidogo chini ya sakafu, na miguu ya kutua ilikuwa imekaribia tarehe yake. Muuzaji akalipia vyote kabla ya kuikabidhi. Aliingia mshirika wa nne, mwenye kiwanda cha kukoboa mpunga, hivyo fungu la kila mtu likawa dogo. Fungu letu tulilitoa kwenye akiba na kwenye kiwanja cha Bagamoyo, ambacho kina majina yetu mawili na tulikiuza kwa sahihi mbili. Kuibadilisha usajili iwe 5H ya Tanzania na kupata cheti cha kuthibitisha inafaa kuruka kulikula miezi. Wanaume wanne walijifunza subira ambayo wake zao wanne hawakuwahi kuwafundisha.

Nayo hairushwi na wao. Iko chini ya kampuni ya kukodisha yenye cheti chake cha uendeshaji, ambayo ina marubani, inawapeleka kwenye mafunzo, inapokea wateja wengine na kugawana mapato na wenye ndege. B200 kisheria inaweza kurushwa na rubani mmoja. Sisi tulitaka wawili, na hilo mama mkwe ndiye aliyelisimamia kuliko sote. Bado hajaipanda. Amesema atakwenda kuitazama ikiwa imezimwa.

Wapo wanaoniuliza kama nimefurahi. Sijui niwajibu nini. Kuna miezi ankara zinakuja nikajisikia kuolewa na hanga. Kuna siku mvua ya Machi inamfungia Songwe na analala hukohuko kama zamani, maana ndege ya kwako nayo inaogopa mawingu kama ya wenzako. Lakini mwaka huu sijahesabu kalenda.

Sharti langu lilikuwa moja na Mzee wa Ukonga alilipigia mhuri. Kwa kila saa inayoruka, dola 200 zinakwenda kwenye akaunti ya injini, na hazitoki kwa ajili ya mishahara, zulia, wala rangi. Watia sahihi ni watatu, wanaume wawili kati ya wale wanne, na mimi. Mmoja wao alijaribu mwezi wa pili kuazima humo kidogo, alipe ushuru wa kontena, atarudisha Ijumaa. Akaleta fomu nyumbani na soda za watoto. Nikamkaribisha, nikampa chai, tukaongea habari za shule. Fomu alirudi nayo kama alivyokuja nayo.

Mwezi uliopita ndege iliruka saa 19. Dola 3,800. Nikasaini.